Mita 4 za Neoplan Skyliner

Mabibi na mabwana, nianze na namba moja: mita 4. Hicho ndicho kimo cha juu kabisa cha gari kwenye barabara za Ujerumani, na ndani yake lazima itoshee Neoplan Skyliner, basi la Kijerumani la ghorofa mbili. Sasa pigeni hesabu pamoja nami. Toeni nafasi kati ya lami na tumbo la basi, toeni unene wa sakafu mbili, toeni paa. Kinachobaki kigawieni ghorofa mbili, na kila ghorofa ina watu wanaotaka kusimama na kupita.

Mabasi ya zamani yalijengwa juu ya chasisi kama ya lori, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma, kisha bodi ikapachikwa juu yake. Mihimili hiyo ilikula kimo. Gottlob Auwärter, aliyeanzisha huko Stuttgart mwaka 1935 karakana iliyokuja kuwa kampuni ya Neoplan, alitoa mwaka 1953 basi lisilo na mihimili: bodi yenyewe ndiyo hubeba uzito wote, na injini iko nyuma. Kwangu mimi Skyliner ilianzia hapo, ingawa yenyewe ilitoka mwaka 1967. Mihimili ilipoondoka, sakafu ya chini ikaweza kushushwa karibu kabisa na barabara, na ghorofa ya pili ikapata pa kukaa.

Panda juu, ukipita ngazi nyembamba inayojipinda. Aliye mrefu atainamisha kichwa, maana dari iko karibu. Lakini akishika kiti cha mbele kabisa, kioo kimejaa mbele yake na dereva yuko chini ya miguu yake. Barabara yote inamjia yeye kwanza. Kiti hicho ndicho kinachowaniwa, na wanaokiwania wana haki.

Gharama ya ghorofa hizo mbili iko kwenye mizigo. Basi la ghorofa moja huweka masanduku chini ya sakafu ya abiria, mahali ambapo hapa wamekaa watu. Buti limesukumwa nyuma, na kundi la watalii wenye masanduku makubwa hulijaza upesi. Huo ndio udhaifu wake mkubwa, na haujawahi kupata dawa kamili.

Mwaka 2001 Neoplan ilichukuliwa na MAN, kampuni ya Kijerumani ya malori na mabasi. Mwaka 2010, kwenye maonyesho ya Hannover, ikaonyeshwa Skyliner mpya: urefu mita 14, ekseli tatu, nafasi ya hadi abiria 83. Kimo? Mita 4.