Mkono Mkubwa Mno kwa Mwarabu

Naanza na ule mkono. Wanaonifahamu wameshaanza kuguna, nawasikia. Vumilieni.

Filamu ya The Sheik, ya 1921, inakaribia kwisha. Sheikh Ahmed, anayeigizwa na Rudolph Valentino, amelala hemani kajeruhiwa kichwani akimwokoa Diana kutoka kwa jambazi Omair. Diana, bibi wa Kiingereza wa ukoo mkubwa, ambaye Ahmed huyohuyo alimteka jangwani, yuko kando yake, kaushika mkono wake. Anautazama. Filamu haina sauti, kwa hiyo maneno yanaandikwa kwenye skrini: mkono wake mkubwa mno kwa Mwarabu. Rafiki Mfaransa wa Ahmed anajibu kwamba huyo si Mwarabu. Babake Mwingereza, mamake Mhispania.

Jamani! Mkono huo ndio uliomtoa Diana kwenye farasi wake kwa nguvu, na siku ile hakuna aliyeupima. Mpaka Diana ameshaandika mchangani kwamba anampenda, mkono ulikuwa mkono tu. Linapokaribia suala la kuoana ndipo rula inatolewa. Na mama Mhispania kafaa, maana sura ya Valentino, Mwitaliano, nayo ilihitaji maelezo!

Kuna atakayeniambia, "Mwalimu, hiyo ni burudani ya zamani, watu hawakujua." Walijua sana! Jangwa mnaloliona pale ni mchanga wa California, na sheria ya California ilibatilisha ndoa ya mzungu na mtu mweusi, au na mtu wa asili ya Asia ya Mashariki, hadi 1948. Mwarabu hakutajwa, sawa. Lakini filamu ilikuwa ya kuuzwa nchi nzima, na mimi siamini kwamba studio ilitaka kubahatisha. Mtazamaji anapewa raha ya kuvuka mpaka wa rangi, kisha anaambiwa hapakuwa na mpaka wowote, aende nyumbani akalale.

Mwingine atasema hayo yalikuwa kwenye riwaya ya E. M. Hull, filamu imefuata tu. Imefuata inapopenda! Kwenye riwaya Ahmed anambaka Diana. Kwenye filamu anamkuta akilia, anasita, anatoka. Waliweza kubadilisha, basi. Ila kosa walilolisafisha ni la mwanamume. La asili yake hawakuligusa. Na kumteka mwanamke kumebaki palepale, ndiyo posa yenyewe. Hili lingetaka jioni nzima, nami naoneshwa saa huku.

Haraka basi. Valentino mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka kusini mwa Italia, na mwaka huohuo wa 1921 Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza wahamiaji, Waitaliano wakiwemo. Anashangiliwa na wanawake ndani ya sinema, huku watu wa kwao wanahesabiwa bandarini.

La mwisho, Omair. Ahmed kageuka Mwingereza, kwa hiyo Mwarabu mkubwa anayebaki kwenye hadithi ni huyu mteka wanawake asiye na huruma. Aliyemwigiza ni Walter Long. Miaka sita nyuma, kwenye filamu ya The Birth of a Nation, Long huyohuyo, mzungu, alipakwa masizi usoni akawa Gus, mtu mweusi anayemkimbiza msichana wa kizungu mpaka anajirusha jabalini. Studio ilipohitaji Mwarabu wa kuogopwa, ilijua wapi pa kumpata.

Haya, maswali. Wewe dada wa pale nyuma, ulikuwa unatikisa kichwa tangu kwenye mkono.