Draiva Yenye Enkoda Haiongezi Nguvu
Mhadhara kwa mafundi wa ruta za CNC, Bagamoyo

Shikamooni wazee, na ndugu zangu mafundi habari zenu. Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mwenye ruta ya CNC, ile mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, hukutana nalo dukani: nichukue draiva ya stepa ya kawaida, ya mzunguko wazi, au niongeze hela nipate ya mzunguko fungwa, ile yenye enkoda? Kwa mgeni: stepa ni mota inayozunguka kwa hatua ndogondogo, draiva ndiyo inayoipa umeme, na enkoda ni kihisi kinachosoma shafti ya mota imezunguka kiasi gani.

Nitasema mapema ninapoegemea, anayetaka kubishana apate muda wa kujiandaa. Draiva yenye enkoda ni kitu kizuri, ila wengi huinunua kwa sababu isiyo yake. Wanadhani wananunua nguvu. Wanachouziwa pale ni taarifa.

Tuanze na mota yenyewe. Stepa nyingi tulizonazo huenda digrii 1.8 kwa hatua, yaani hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva ikigawa kila hatua mara 16, kontrola, ubongo wa mashine, itatuma palsi, yaani mapigo ya umeme, 3200 ili shafti izunguke mara moja. Skrubu yako ikiwa inasogeza milimita 5 kwa mzunguko, basi milimita moja ni palsi 640. Kwenye mzunguko wazi, kontrola hutuma hizo 640 na kujihesabia kwamba imefika. Ni kama fundi aliye chini anayemwambia mwenzake wa juu ya ngazi "sogeza vidole viwili kulia", kisha anatoa agizo linalofuata bila kuinua shingo.

Na mara nyingi hiyo inatosha. Printa nyingi za 3D za bei nafuu zinaendeshwa hivyohivyo kutwa nzima, na vitu vinatoka sawa. Stepa isiyozidiwa na mzigo hairuki hatua.

Kasheshe huanza mzigo unapozidi. Chukua mfaa wa mlango, mbao ya mkongo. Biti inakula vizuri, mara inakutana na fundo. Rota, sehemu ya mota inayozunguka, inabaki nyuma ya uga wa sumaku unaoivuta. Ikichelewa kidogo, itavutwa irudi mahali pake. Ikichelewa mno, inaachia na kushika nafasi nyingine, hatua nne kamili kutoka ilipotakiwa kuwa, kwa sababu mzunguko mmoja wa umeme ndani ya mota ni hatua nne. Hizo ni digrii 7.2. Kwa skrubu yetu ya milimita 5, ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Mara moja hutaiona kwa macho. Zikifika mara 20 ni milimita 2, na ua la upande wa kushoto halitalingana tena na mwenzake wa kulia. Mashine haina habari. Itachonga kwa ujasiri uleule mpaka faili iishe.

Sasa tufunge enkoda nyuma ya mota. Yenye mistari 1000 huipa draiva hesabu 4000 kwa kila mzunguko. Draiva inalinganisha palsi zilizoagizwa na mahali shafti ilipo kweli. Ikiona shafti inachelewa, inaongeza ampea hadi kikomo chake. Mzigo ukiwa mwepesi, inazipunguza. Ndiyo maana mota hizi hazipati moto sana. Ya kawaida, baada ya saa mbili za kazi, ukiishika unatoa mkono haraka. Anayefanya kazi chini ya mabati mwezi Februari anajua uzito wa tofauti hiyo. Na shafti ikichelewa kupita kiasi ulichoweka, draiva inapiga alamu.

Lakini mota ni ileile! Nguvu ya stepa hushuka kadiri mwendo unavyopanda: koili hazijazi umeme upesi, na mota inayozunguka huzalisha volti yake ya kupinga. Dawa ya hapo ni volti. Mtu ana mota ya NEMA 23, hiyo ni saizi ya mota, na draiva ya DM542, ambayo inakubali volti 20 hadi 50, ameilisha volti 24, halafu analalamika kwamba mota inakwama akikimbiza. Huyo nampa pawa saplai ya volti 36 kabla ya enkoda. Kisha tunapunguza akselerasheni, tunahakikisha swichi za ampea zinalingana na mota, na tunasafisha reli, maana kwa hewa hii ya chumvi na vumbi la mbao reli hugeuka nzito huku mtu anatafuta mchawi kwenye umeme. Wengi wenu mkimaliza hapo hamtahitaji kununua kitu kingine.

Kaka pale mbele anauliza: umeme ukikatika, ile yenye enkoda si itakumbuka ilipofika? Hapana, kaka. Enkoda nyingi za bei yetu zinahesabu mwendo tu, hazihifadhi mahali. Umeme ukirudi, utairudisha mashine kwenye swichi zake za mwanzo kama kawaida.

Hapa sasa naomba mnisikilize vizuri. Draiva hizi zenye enkoda zina terminali iliyoandikwa ALM, yaani alamu. Kwenye mashine nyingi nilizofungua, haina waya. Matokeo yake? Mhimili wa X unazidiwa, draiva yake inagundua, inasimama na kuwasha taa nyekundu. Mihimili ya Y na Z, pamoja na spindo inayozungusha biti, haiambiwi, inaendelea. Biti inachimba mfereji ulionyooka katikati ya nakshi yako. Mzunguko uliofungwa ni kati ya mota na draiva, kontrola haimo. Ile ya kawaida ingekukosesha milimita 2. Hii imekuharibia ubao mzima, na umeilipia zaidi. Ipeleke ALM kwenye ingizo la kontrola la kusimamisha kazi, kisha ijaribu. Zima umeme, chomoa plagi ya enkoda, washa bila spindo, amuru mhimili utembee. Kontrola isiposimama, bado hujamaliza kazi.

Kebo ya enkoda isilale pamoja na kebo ya spindo, inveta inayoiendesha spindo inapiga kelele nyingi za umeme. Na enkoda inaona shafti ya mota peke yake: kapulingi iliyolegea au nati ya skrubu iliyolika haitaiona ng'o.

Nani anunue, basi? Mwenye mashine kubwa ambayo daraja lake, ile fremu inayobeba spindo, linasukumwa na mota mbili, moja kila upande: mmoja ukibaki nyuma, daraja linakwenda mshazari. Na anayechonga mninga au mkongo kwa saa nyingi, ambapo ubao mmoja ukiharibika unauma kuliko bei ya draiva. Mwenye leza ya kuchora vibao asitoe hata shilingi, leza haisukumi kitu.

Dada anauliza kama anaweza kubadilisha mhimili mmoja kwanza, mingine aiache. Inawezekana. Draiva zote mbili zinapokea palsi na mwelekeo kwa namna ileile, kontrola haitajua tofauti. Ila kwenye ule wa mota mbili badilisha zote mbili kwa pamoja, na alamu zote mbili zifike kwenye kontrola.