Geuza hewa ukaa kuwa jiwe: jaribio la maji ya chokaa, hatua kwa hatua

Karibuni watazamaji. Leo tunaikamata hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, na kuifungia ndani ya unga mweupe. Hapa mezani nina chokaa iliyozimwa (yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji), siki, soda ya kuokea, chupa, chombo cha kioo chenye mdomo mpana, mrija laini wa plastiki, karatasi za kuchujia na mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Miwani ya kinga na glavu nimeshavaa, nawe uvae. Chokaa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni ni balaa.

Kwanza ipime chokaa yenyewe. Chota kiasi cha ncha ya kijiko, idondoshee siki. Ikitoa povu jingi, ujue imekaa wazi muda mrefu na imeshashiba hewa ukaa. Tafuta nyingine, hiyo haitakufaa.

Sasa weka kijiko kimoja cha chokaa kwenye lita moja ya maji, funika, tikisa vizuri, uiache hadi kesho. Kesho yake utakuta sehemu kubwa imetuama chini. Usiongeze maji wala usikoroge tena. Lita moja huyeyusha gramu 1.6 hivi, basi. Mimina maji ya juu polepole kupitia karatasi ya kuchujia mpaka upate maji maangavu kabisa. Yafunike mara moja. Ukiyaacha wazi yataota utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, maana yataanza kunyonya hewa ukaa ya humo chumbani kabla hujawa tayari.

Tunahitaji hewa ukaa. Weka kijiko cha chai cha soda ya kuokea ndani ya chupa. Toboa mfuniko, pitisha mrija, ziba pembeni pasivuje. Mwisho wa pili wa mrija uzame hadi chini ya maji ya chokaa, na chombo hicho kibaki wazi juu. Narudia: kibaki wazi, na mrija usikunjike. Hewa ikikosa pa kutokea, chupa itapasuka. Haya, mimina siki kidogo, funga mfuniko.

Sogeza kamera hapa. Mapovu ya kwanza hayafanyi kitu, kwa sababu ni hewa ya kawaida iliyokuwa ndani ya chupa. Subiri... Umeona? Pale kwenye ncha ya mrija kumeanza ukungu. Kila povu linapopanda linaacha mkia mweupe nyuma yake, na muda si mrefu chombo kizima huwa cheupe huoni upande wa pili. Weupe huo ni kalsiamu kabonati, kampaundi ileile iliyomo kwenye mawe ya chokaa na maganda ya konokono.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanafurahia mapovu, wanaongeza siki, mara weupe unaanza kutoweka! Hewa ukaa ikizidi, kabonati hubadilika kuwa bikabonati, nayo huyeyuka majini. Ikikutokea, yachemshe maji hayo. Hewa iliyozidi itatoka na weupe utarudi. Lakini ni heri kutoa mrija mara ukungu unapoacha kuongezeka.

Acha unga utuame. Pima karatasi ya kuchujia ikiwa kavu, andika uzito wake, kisha chuja, kausha na upime tena. Hesabu yake ni hii: gramu 74 za chokaa iliyozimwa hushika gramu 44 za hewa ukaa, zinatoka gramu 100 za kabonati na gramu 18 za maji. Kwa lita yetu moja, unga hauwezi kuzidi sana gramu 2, na ndani yake mna hewa ukaa isiyofika gramu 1. Wewe utapata pungufu kidogo, kwani unga mwingine hung'ang'ania kwenye kioo.

Chukua punje chache, dondoshea siki. Povu hilo ndilo hewa uliyoifungia, inatoka.

Sasa kabla hujaanza kutangaza kuwa umeokoa anga: chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la takriban nyuzi 900 za Selsiasi, na mawe hayo hutoa hewa ukaa ileile tuliyoirudisha leo, mbali na moshi wa kuni au makaa ya tanuri. Jaribio letu linaonyesha njia tu. Faida ya kweli iko kwenye miamba ambayo haijawahi kuishika hewa hiyo, kama ile yenye madini ya olivini na serpentini, na basalti, mwamba mweusi wa volkano. Kufunga tani 1 ya hewa ukaa kunahitaji olivini safi tani 1.6 hivi, na lazima isagwe laini. Ikibaki mabonge inachukua muda mrefu mno.

Huko Aislandi, mradi wa Carbfix haukusaga kitu. Mwaka 2012, karibu na kituo cha umeme cha Hellisheiði, waliiyeyusha hewa ukaa ndani ya maji na kuisukuma chini kwenye basalti. Maji hayo yenye asidi huyeyusha mwamba, kalsiamu inatoka, kabonati inajengeka kwenye vinyweleo vya mwamba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 iligeuka madini ndani ya miaka miwili. Hata pampu ya kisima cha uchunguzi ilipokwama, ilikutwa imegandwa na kalsiti, yaani kalsiamu kabonati ya madini.

Ila njia hiyo inakunywa maji: zaidi ya tani 20 kwa kila tani 1 ya hewa ukaa. Kwa hiyo mtu akikuambia ana basalti ya kutosha, muulize kwanza maji atayatoa wapi.