Joto la Amplifaya na Hewa ya Lamu

Asalaam aleikum, wazee wangu, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na daftari. Nimeombwa nizungumzie amplifaya za kujiundia, nami naanza na hitisinki, kipande cha alumini chenye mapezi kinachobeba joto la transista na kulitoa hewani, ambacho wengi wetu hukitafuta mwisho, bodi ikishakamilika, tukaokota chochote kilichopo kwenye vyuma chakavu. Kwa hewa yetu hii, mimi naona hitisinki ndiyo ichaguliwe mwanzo, na ichaguliwe kwa hesabu.

Tuchukue amplifaya mnayoijua nyote: jozi moja ya transista, vile vipande vinavyoisukuma spika, 2SC5200 na 2SA1943, umeme wa volti 35 chanya na 35 hasi, spika ya omu 8. Kwa hesabu ya karatasi, ukiifungulia mpaka mwisho bila sauti kupasuka, spika inapata kama wati 76, na transista zinabaki na joto la wati 21 hivi. Sasa punguza sauti. Mtu atatarajia joto lishuke, kumbe linapanda! Spika ikiwa kwenye wati 31, transista nazo zinatoa wati 31 za joto, na hicho ndicho kilele. Sauti ikiwa ya kati, transista imebakiwa na volti nyingi mgongoni huku mkondo bado ni mkubwa, na volti mara mkondo ndiyo joto lenyewe. Hata ukishusha mpaka spika ipate wati 9 au 10 tu, ambao ndio wastani wa muziki wa kawaida unaopanda na kushuka, joto bado ni kama wati 25. Kwa hiyo anayesema "mimi sifungulii sana, hitisinki ndogo yanitosha" hajaokoa kitu.

Kilele hicho mnaweza kukipata wenyewe. Zidisha volti ya upande mmoja kwa yenyewe, zidisha kwa 2, gawanya kwa omu za spika, kisha gawanya kwa 9.87. Volti 35 na omu 8 zinakupa wati 31. Ukiunga spika ya omu 4 ni wati 62. Andikeni hiyo.

Hitisinki hupimwa kwa nyuzi kwa kila wati: ya nyuzi 1 kwa wati, ukiitia wati 31, itapanda nyuzi 31 juu ya hewa iliyoizunguka. Hilo neno "juu ya hewa" ndilo linalotuhusu sisi. Michoro mingi tunayoifuata imechorwa na watu wenye hewa ya nyuzi 20. Wakitaka hitisinki isipite 70, wana nyuzi 50 za kutumia, na hitisinki ya 1.6 inawatosha. Ileteni hiyo hiyo Lamu mwezi wa Machi, kaskazi imekata na kusi haijaingia. Mimi hupiga hesabu kwa hewa ya 35. Hitisinki hiyo ya 1.6 itafika 85, na vipande vya silikoni vilivyo ndani ya transista viko juu zaidi ya hapo. Kwetu inatakiwa ya 1.1 au chini yake, na kwa spika ya omu 4 karibu nusu ya hiyo. Ni alumini kubwa, nakubali. Inunuliwe, au itolewe kwenye mashine ya kuchomelea iliyokufa.

Kisha tazama unapoiweka. Nyumba zetu za mawe zina vidaka vizuri sana ukutani, na nimeona amplifaya imesukumwa ndani ya kidaka, ukuta nyuma, ukuta kushoto, ukuta kulia. Hewa ya moto inataka kupanda na ya baridi iingie kwa chini. Mapezi ya hitisinki yasimame wima, yaachane kama milimita 8 hadi 10, boksi liwe na miguu na matundu chini na juu. Mapezi yaliyolazwa yanaishika hewa ya moto pale pale.

Kufunga transista ndiko kunakotaka mkono mtulivu. Bati la nyuma la 2SC5200 limeungana na kolekta, mguu wa transista unaopokea umeme, maana yake lina volti 35. La mwenzake lina 35 hasi. Bila mika katikati, kijikaratasi kinachozuia umeme lakini kinapitisha joto, hitisinki inaziunganisha na umeme unapiga shoti. Ukishatoboa alumini, tundu linabaki na ukingo mkali ulioinuka. Hauonekani vizuri, ila ukipitisha ukucha unaukamata. Ukingo huo hutoboa mika. Chukua biti ya kutobolea iliyo kubwa zaidi, izungushe kwa mkono tu mara mbili tatu juu ya tundu, halafu weka msasa laini juu ya kioo na usugue uso wa alumini mpaka ukucha upite bila kukwama. Pasta ya kupitishia joto ipakwe nyembamba kila upande wa mika, kazi yake ni kujaza mikwaruzo tu. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kati ya kolekta na hitisinki. Mita ikilia, fungua.

Mzee pale mbele ameuliza kwa nini nisiseme habari ya feni. Feni inafanya kazi, mzee wangu. Upepo mdogo tu unaweza kupunguza nyuzi zile kwa nusu. Lakini hapa inavuta chumvi na vumbi pamoja na upepo, na chumvi hiyo inakwenda kukaa kwenye bodi na kwenye beringi za feni. Ikikwama usiku wa Maulidi, hitisinki ndogo haina pa kukimbilia. Kwa Lamu naweka alumini kubwa bila feni. Tena iwe nyeusi, iliyotiwa rangi kiwandani: inatoa joto vizuri zaidi kuliko alumini tupu, na haifanyi ule unga mweupe haraka. Skrubu za chuma zipakwe grisi, maana chuma na alumini vikikutana penye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Na wewe kijana uliyetaja betri ya mashua: hapo usihangaike na transista hizi. Tumia amplifaya ya daraja D, ambayo transista zake huwaka na kuzima kwa kasi badala ya kubaki nusu wazi, mfano aisii (kipande kimoja chenye saketi nzima) ya TPA3116, inayokula volti 12 hadi 24 na kupoteza kama sehemu moja kwa kumi. Kipande kidogo cha alumini kinatosha.

Kwa wenye transista, ile ndogo inayolinda mkondo wa utulivu, yaani ule unaopita kwenye transista hata pasipo sauti, lazima ifungwe kwenye hitisinki hiyo hiyo, karibu na wakubwa zake. Transista ikipata moto inafunguka kwa volti pungufu, kama milivolti 2 kwa kila nyuzi. Ile ndogo isipoonja joto hilo, mkondo unapanda, joto linaongezeka, mkondo unapanda tena mpaka kitu kiungue. Acheni ipige nusu saa, boksi limefungwa, ndipo mrekebishe mkondo.