Herufi moja ikipotea, hela ya nani inapotea?

Asanteni, asanteni, kaeni tu, wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Nimeambiwa niongelee makosa ya uandishi kwenye biashara na mitandaoni, yani tahajia na sarufi, kama yana maana au ni kelele za walimu wa Kiswahili tu. Najua humu ndani wengi mnauza vitu Insta na wasap, wengine mna fremu Kariakoo, wengine duka lenu ni simu na bodaboda wa kupeleka mzigo, kwahiyo sitafundisha ngeli leo, msiogope.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnaotaka kubisha muanze kujiandaa. Kosa la uandishi halina bei moja, linategemea anayesoma anakujua kiasi gani. Mama ntilie wa mtaani kwenu kaandika ubaoni "wari nyama" na "chipsi mayahi", unakula, unalipa, kesho unarudi, maana ulishaonja, unamjua, na sufuria unaliona pale linachemka. Lile kosa kwake ni bure kabisa na mtu akienda kumsahihisha mi namuona mshamba. Sasa chukua uandishi uleule umuwekee mtu wa Mbeya ambaye hajawahi kukuona, unamwambia tuma laki tatu kwenye namba hii nikupakizie friji kwenye basi usiku huu. Huyo hana sufuria la kuangalia. Picha ya friji? Picha kila mtu anaweza kuitoa Google. Alichobaki nacho ni maandishi yako tu, anayasoma, anayarudia, anamuonyesha na mkewe, na wakikuta jina la friji lenyewe limekosewa na maneno yameshikana ovyo, hela inabaki mfukoni na wewe hutajua kwanini, utasema biashara mwezi huu ngumu.

Na ana haki. Nani hapa hajawahi kupata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Nyoosheni mikono ambao hamjapata. (Hakuna mkono, watu wanacheka.) Ndo hivyo. Matapeli wametufundisha kusoma kwa makini kuliko hata shule.

Kuna mtafiti wa Microsoft anaitwa Cormac Herley, mwaka 2012 aliandika kuhusu wale matapeli wa barua pepe, wanaojitambulisha kabisa kwamba wako Nigeria na wana mamilioni wanatafuta akaunti ya kuyapitishia. Akauliza, hivi kwanini waseme uongo ambao kila mtu anaujua? Hoja yake ni kwamba wanachuja. Mtu mwerevu akisoma anacheka anafuta, haandiki tena, hampotezei tapeli muda, na yule anayejibu baada ya kusoma takataka ile ndo wa kuibiwa. Watu wengi baadae wakaitumia hoja hiyohiyo kuelezea makosa ya tahajia kwenye meseji za utapeli. Sasa wewe muuza friji halali, una TIN yako ya mlipakodi, una risiti, ukiandika kama wao unachuja vilevile, ila wanaoondoka ni wale wenye hela na akili zao, unabakiwa na wa kuuliza "bei ya mwisho?" halafu kimya.

Na tapeli naye kosa linaweza kumuumiza. Februari 2016 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye mifumo ya Benki Kuu ya Bangladesh wakatuma maagizo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti ya ile benki iliyoko Federal Reserve ya New York, yani tawi la benki kuu ya Marekani. Dola milioni 81 zikapita zikaenda Ufilipino. Milioni 20 nyingine zilikuwa zinaenda kwenye taasisi moja Sri Lanka, na kwenye jina la taasisi wakaandika "Fandation" badala ya "Foundation". Deutsche Bank, benki ya Ujerumani ambayo hela ilikuwa inapitia kwake, ikashtuka, ikauliza, ile milioni 20 ikarudi. Mtu amepanga wizi wa bilioni moja halafu hakumpa hata mwenzake asome mara ya pili kabla ya kutuma!

Haya, hapo nilikuwa naongelea makosa yanayokuharibia sura tu. Kuna kundi lingine na hili nataka tukae nalo, maana hata mama ntilie hasamehewi hapa: makosa yanayogeuza maana yenyewe. Kiswahili tunasema chepesi, kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na ni kweli, ila shida yake ni kwamba kama unatamka bila h utaandika bila h. Mara nyingi haina shida. "Ela" kila mtu anajua ni hela, "apa" ni hapa, "aturudishi mzigo" bado naelewa kwasababu ile i ya mwisho inanisaidia, naona kabisa hamrudishi. Lakini chukua mfano umeandika masharti ya duka: "Mteja akishafungua boksi atarudishiwa hela." Ulitaka kusema hatarudishiwa. Hapo hakuna herufi nyingine ya kukuokoa, "atarudishiwa" na "hatarudishiwa" vyote ni Kiswahili safi, vyote vina maana, na maana ni kinyume kabisa. Vivyo hivyo "mteja atalipa nauli" na "hatalipa nauli". H moja tu na ushajifunga kubeba nauli ya kila mzigo mpaka Songea.

Afu kuna wale wanaoiongeza pasipotakiwa, "mzigo hupo dukani". Mi nikisoma nasimama. Upo au haupo? Ukitafuta Kiswahili chake "hupo" ni wewe ndo haupo, muuzaji! Kastoma hawezi kukupigia simu kuuliza sarufi, anaenda akaunti inayofuata.

Msione ni Kiswahili tu, na wazungu yamewakuta, tena kwenye sheria iliyoandikwa na wanasheria. Jimbo la Maine, Marekani, sheria yao ya malipo ya ovataimu ilitaja kazi ambazo hazilipwi ovataimu kwenye vyakula vinavyoharibika, ikataja moja moja, kugandisha, kukausha, kuuza sokoni, kuhifadhi, ikamalizia na "kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza". Isikilizeni vizuri hiyo, maana hata kwa Kiswahili mtego upo palepale. Kusambaza ni kazi inayojitegemea, au ni kufungasha kwa ajili ya mambo mawili, kusafirisha na kusambaza? Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema sisi hatufungashi, sisi tunasambaza, na kusambaza hakujatajwa peke yake, tulipeni. Kampuni ikasema kumetajwa. Kilichokosekana ni koma moja kabla ya "au". Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema kweli hii sheria ina utata na utata huo unawanufaisha wafanyakazi, 2018 wakamalizana kwa dola milioni 5. Koma, jamani. Sisi hapa kuna mtu anaandika posti nzima ya maneno 200 bila nukta hata moja, na bado anauza, mi namheshimu.

Namba nazo ni uandishi, msizisahau. "Elfu mia mbili" ni shilingi ngapi? Nasikia 200,000 huku, nasikia 1,200 kule. Mnaona? Wote mko sawa, ndo maana watu wetu waliamua kusema laki mbili wakapumzika. Na mjue kwenye hundi tarakimu zikigongana na maneno, yanayoshinda ni maneno, hiyo iko tangu sheria ya Waingereza ya mwaka 1882 na sisi na Kenya tumeirithi. Kwahiyo ukijaza maneno bila kufikiria huku tarakimu umeandika vizuri, maneno ndo yanahesabika. Na saa pia! "Kikao Jumamosi saa 8:00", wa ofisini anakuja asubuhi kwasababu simu yake inamwambia 8:00 ni asubuhi, mwingine anakuja mchana, saa nane yetu. Andika "saa 2 asubuhi" au "saa 8 mchana", neno moja tu la ziada.

Majina sasa, hapa sitaki utani. Uingereza, Cardiff, kulikuwa na kampuni ya uhandisi, Taylor & Sons, kongwe, ina wafanyakazi zaidi ya 200. Mwaka 2009 msajili wa makampuni wa kule akaandika kwenye rekodi kwamba kampuni imefilisiwa. Iliyofilisiwa ilikuwa Taylor & Son, bila s ya mwisho, kampuni nyingine kabisa. Waligundua wakarekebisha ndani ya siku chache, ila taarifa ilishasambaa, wauzaji wakataka hela zao kwanza, mikopo ikakauka, na kampuni ikafa kweli. Mahakama mwaka 2015 ikasema msajili anawajibika. Sasa mnaojua habari za NIDA hapa, wale wa vitambulisho vya taifa, jina kwenye kitambulisho lina y, cheti cha shule kina i, akaunti ya benki ina ii mbili, mnajua mtu anavyozungushwa mpaka anaenda kwa wakili kula kiapo kwamba hawa watatu ni mtu mmoja. Usiandike jina la mteja kwa kusikia. Mwambie akutumie kwa meseji ulikopi.

Ila sasa nigeuke upande wa pili kidogo, maana kuna watu humu naona wanachekelea, wale wa kusahihisha wenzao kwenye komenti. Kiswahili sanifu unachokitetea kilichaguliwa. Mwaka 1928 walikaa kikao Mombasa wakaamua lahaja ya Unguja iwe msingi, 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia, na ilikuwa kazi nzuri, bila hiyo vitabu vyetu visingesomeka kutoka huku mpaka kule. Lakini mteja wa Lubumbashi akikuandikia "iko bei ngapi", au mtu wa Nairobi akisema "niko na elfu kumi", hao hawajakosea kitu, wanaongea Kiswahili cha kwao na wana hela mkononi. Wakongo wanajaza makontena Kariakoo kila siku kwa Kiswahili hichohicho. Muuzaji anayemjibu "sema unayo, siyo uko nayo" anastahili njaa. Jibu bei. Tena jibu bei palepale, achana na hii ya "bei njoo inboksi", hiyo inafukuza wateja kuliko h zote mlizodondosha.

Na jingine linanikera. Mtu akikosea Kiingereza kwenye barua ya kazi au profoma anachekwa wiki nzima, screenshot inazunguka magrupu yote. Barua hiyohiyo kwa Kiswahili imejaa "kwa ajali ya" badala ya "kwa ajili ya", eti unaombwa mchango kwa ajali ya harusi, hakuna anayeshtuka. Nimeona mabango makubwa ya barabarani, hela nyingi imelipwa, "thamani" imeandikwa "dhamani". Mwenye kampuni anaajiri mtu wa kupitia Kiingereza chake, Kiswahili anamwachia yeyote aliye karibu na kompyuta, wakati wateja wake karibu wote wanasoma Kiswahili. Hiyo hesabu haijawahi kuniingia. Kama bajeti yako ni ya mtu mmoja wa kusoma, asome ile lugha inayoleta hela.

Basi, maswali. Dada mwenye kitenge.

Sawa, anauliza simu inamgeuzia maneno. Kweli, kibodi ikiwa kwenye Kiingereza inajifanya inakusaidia, unaandika bei inakuletea being. Nenda kwenye mipangilio ya kibodi uongeze Kiswahili, au uzime kabisa kule kujisahihisha. Halafu kabla ya kuposti soma kwa sauti. Siyo kwa macho, macho yanasoma ulichotaka kuandika.

Kaka wa mwisho. Anasema ameshaposti, kakosea bei, kiatu cha elfu 85 kaandika elfu 8,500, watu wameshaona, afanyeje. Kwanza "elfu 8,500" nayo ni nyingine hiyo, hiyo ni milioni nane na nusu ukiisoma vizuri. (Vicheko.) Kisheria, kwa hii sheria ya mikataba tuliyorithi, bei uliyobandika kwa kawaida ni mwaliko wa watu kuja kununua, bado siyo mkataba, wanasheria wana kesi ya duka la Boots ya Uingereza ya mwaka 1953 wanaipenda sana. Lakini kastoma aliyekuja na screenshot hajaja na Boots, kaja na simu na ana wafuasi kuliko wewe. Insta unaweza kuhariri maelezo muda wowote, wasap wanakupa dakika 15 tu baada ya kutuma, meseji ya kawaida ikienda imeenda. Kwahiyo kama kosa ni h hapa na pale, liache, usihangaike. Kama ni bei, jina au namba ya simu, hariri sasa hivi ukiwa umekaa hapohapo, andika chini "bei imerekebishwa" usijifanye haikuwepo, na kama kuna mmoja alishawahi kuoda kwa ile ya mwanzo, ongea naye inboksi, muombe radhi, mpunguzie kidogo.   Hariri kwanza, bado unaniangalia mimi.