Mahamri Yana Sahihi, Ada Haina

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Kassim leo amewahi, mvua ijiandae.

KASSIM: Ungeletewa ujumbe wa sauti kama ulionitumia, mrefu kama hotuba, wote ni habari ya chai, nawe ungewahi.

ZUHURA: Si chai, vocha ya chai! Jamani, wiki hii nimeitwa na kampuni moja ya mawakili hapa Mombasa, sitaitaja, niwatazamie biashara yao ina afya gani. Nimefika saa tatu asubuhi. Karani, Mungu ampe heri, akataka kuniagizia mahamri na mbaazi. Akajaza vocha ya shilingi 300. Kisha akaniambia, "Tumngoje Mzee arudi kutoka mahakamani atie sahihi." Mzee ndiye wakili mkuu wa ofisi. Nimekula saa saba, wallahi. Mbaazi zishaganda.

KASSIM: Mzee anachunga mali yake. Kosa liko wapi?

ZUHURA: Ngoja. Kwenye vitabu nikakuta kesi ya kiwanja. Imekwisha, wameshinda, na ada ya shilingi 450,000 imefutwa. Nikamuuliza mhasibu, nani kafuta? Akasema, "Mzee alikutana na mteja harusini, akamwambia yamekwisha." Hakuna barua, hakuna sahihi. Mahamri yana sahihi!

KASSIM: (anacheka) Shilingi 450,000 ni mahamri mangapi?

ZUHURA: Kwa shilingi 20, ni 22,500.

KASSIM: Ishirini? Wanunua wapi wewe, hotelini? Majengo nala kwa 10.

ZUHURA: Ya 10 yale ni hewa tupu, ukiuma yanakohoa.

KASSIM: Basi ni 45,000. Mji mzima ungefungua kinywa.

ZUHURA: Turudi kazini. Mzee akanionyesha salio la benki, uso umemkunjuka: "Mbona pesa tunazo?" Nikatazama, ni akaunti ya wateja. Mtu ananunua nyumba Nyali kwa milioni 10, ameweka asilimia 10 ya bei hapo, na ushuru wa stempu, kodi ya kuhamisha umiliki, asilimia 4, yaani shilingi 400,000 za serikali. Ofisi haina chake hapo ila ada yake ikishatozwa. Kanuni za hesabu za mawakili zimetenganisha akaunti hiyo na ya ofisi makusudi. Nikafungua ya ofisi...

KASSIM: Ikawa haitoshi mahamri.

ZUHURA: Mishahara imechelewa! Na kuna mafaili yamekamilika tangu mwaka jana, hata ankara hazijaandikwa. Kazi imefanywa, mteja hajaambiwa adaiwa ngapi. Hapo ndipo mimi huanza kupima: kazi isiyotozwa, madeni yaliyopita siku 90, na mteja mmoja akiondoka, ofisi itasimama? Wao zaidi ya nusu ya kazi yatoka kwa kampuni moja ya bima.

KASSIM: Hilo la bima nakubali. Lakini la harusini, hapana. Huyo mteja baba yake labda ndiye aliyempelekea Mzee kesi zote za nyumba bila ardhi, nyumba ya huyu juu ya kiwanja cha yule, mtaani kwao. Wakili matangazo yake yana mipaka kisheria, hawezi kupiga kelele kama muuza magodoro. Kusamehe ndiyo tangazo lake.

ZUHURA: Na Amri ya Malipo ya Mawakili je? Wakili hatakiwi kukubali ada chini ya kiwango kilichowekwa.

KASSIM: Dada Zuhura, mtu mmesali naye Ijumaa safu moja, utampelekea barua ya deni Jumatatu?

ZUHURA: Nitampelekea. Kila mwisho wa mwezi, kila mteja, barua ile ile. Na atakayesamehe awe na sahihi za washirika wawili, yaani mawakili wenye ofisi pamoja. Wale vijana wake wawili wanaitwa washirika, lakini hesabu za ofisi hawajaziona hata siku moja. Mzee akilazwa mwezi mmoja, nani atatia sahihi?

KASSIM: Na Mzee akinyang'anywa kusamehe, nani atakuja kumtafuta? Watu hawaendi kwa kampuni, wanakwenda kwa Mzee. Ukimfanya aombe ruhusa ya vijana, umemuua.

ZUHURA: Karani anaomba ruhusa ya mahamri, hajafa.

KASSIM: Mzee ndiye anayetoa ruhusa, si anayeomba. Hujaelewa.

ZUHURA: Nimeelewa, nimekataa.

KASSIM: Basi tukatae wote.

ZUHURA: Makarani wanne wana watoto shuleni, Kassim. Ukarimu wake wanaulipia wao.

KASSIM: Na kazi yao imeletwa na ukarimu huo huo.

ZUHURA: (kimya kidogo) Wasikilizaji waamue, mimi sisogei.

KASSIM: Fundi wa sauti ananionyesha saa. Tuliwaahidi watu mambo matano ya uongozi, sivyo?

ZUHURA: Sita. Kurithisha wateja, kugawana faida, kikao cha kila mwezi... Siku nyingine. Wiki ijayo tuna mgeni wa bandarini, habari ya makontena.

KASSIM: Na kwa taarifa yenu, ya 10 hayakohoi.