Utambuzi wa Nzi Huanza na Kikaratasi

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nieleze namna ya kumtambua nzi asiye wa kawaida ambaye tayari amekusanywa, na najua wengi wenu mnatarajia nianze na hadubini. Sitaanza nayo. Nitaanza, kama nilivyoanza kila nilipopewa nafasi ya kulisemea jambo hili, na kikaratasi kinachochomwa kwenye pini ileile iliyombeba mdudu, kilichoandikwa mahali alipopatikana, tarehe, jina la mkusanyaji na namna alivyonaswa. Nimewahi kuletewa chupa nzima ya nzi wazuri ajabu, isiyo na hata neno moja la maelezo, na nikawajibu walioileta kwamba sina la kuwasaidia. Waliudhika. Hata leo nisingewapa jibu jingine.

Mtazameni nzi wa Kilima cha Ukasi, mashariki mwa Kenya. Alikusanywa huko mwaka 1933: mdudu wa urefu wa takriban sentimita moja, mwenye miguu mirefu, mwili uliojaa manyoya, macho madogo, na mabawa yaliyodumaa hata yakawa vipande vyembamba visivyoweza kumwinua. Anayemwona akitambaa mwambani atasema ni buibui, wala si wa kulaumiwa, kwa sababu alama tunayowafundisha wanafunzi siku ya kwanza, yaani mabawa mawili na nyuma yake virungu viwili vya kusawazisha mwili, kwa mdudu huyu haijitokezi waziwazi. Inabidi kuhesabu miguu, ambayo ni sita na si minane, kisha kukagua kichwa, vipapasio na kifua kwa subira. Ernest Austen, wa makumbusho ya London, alimpa jina la Mormotomyia hirsuta mwaka 1936, na kwa kuwa hakulingana na familia yoyote iliyojulikana, akamwekea familia yake peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nzi huyo alipatikana tena mwaka 1948, kisha ikapita zaidi ya miaka 60 bila mtu kuonyesha kielelezo kipya, yaani mdudu mwingine aliyekusanywa na kuhifadhiwa. Mwaka 2010 wataalamu wa wadudu Robert Copeland na Ashley Kirk-Spriggs walimkuta tena kilimani hapohapo, katika ufa wa mwamba wanamokaa popo, ambamo mabuu wake hukulia katika kinyesi cha popo hao. Walijuaje pa kwenda? Jina la kilima lilikuwa limeandikwa. Kama vielelezo vya kwanza vingefika London na maneno “Afrika ya Mashariki” tu, nani angeanza kutafuta, na katika mwamba upi kati ya miamba yote ya nchi hizi? Ni vielelezo vipya hivyo vilivyowezesha kuchunguza vinasaba vyake, na kusaidia kulijibu swali lililowasumbua wataalamu kwa miongo mingi, la jamaa zake ni nzi gani.

Najua kuna atakayesema kwamba siku hizi picha ya simu inatosha. Kwa nzi wachache inatosha, na picha nzuri naithamini. Lakini nzi waliokwisha kuelezwa kisayansi wamezidi spishi 150,000, na wengi wao hutofautishwa kwa unywele mmoja ubavuni mwa kifua, au kwa umbo la viungo vya uzazi vya dume ambavyo havionekani mpaka vitolewe na kusafishwa. Mwingine atasema tupime DNA, tuachane na vinyweleo. Nami nitamwuliza atamlinganisha nzi wake na nini, iwapo hakuna kielelezo kilichotambuliwa kwa uhakika kabla yake. Hata panapokuwa na cha kulinganisha, kipande cha jeni kinachotumika sana kwa kazi hii hakiwatenganishi kwa uhakika Lucilia caesar na Lucilia illustris, nzi wawili wa kijani wanaong’aa, ilhali viungo vya madume wao huwatenganisha.

Nilikusudia kusema mengi kuhusu mishipa ya mabawa, lakini muda umenitupa mkono, basi nitaje mmoja tu. Kwa nzi wa nyumbani, mshipa mmoja mrefu hukunja kona kali kuelekea juu karibu na ncha ya bawa. Kwa nzi mdogo wa jenasi ya Fannia, ambaye huingia majumbani pia na kudhaniwa kuwa ni mtoto wa yule mkubwa, mshipa huohuo hunyooka. Nzi akishaota mabawa hakui tena, kwa hiyo nzi mdogo si kinda la nzi mkubwa.

Kuhusu uhifadhi, pini ipite upande wa kulia wa kifua, ili vinyweleo vya kushoto visalie vizima. Anayetarajiwa kupimwa DNA awekwe katika alkoholi ya asilimia 95 au zaidi, mahali penye baridi kali. Kusanyeni madume na majike pamoja kila inapowezekana. Viungo vya dume vikishatolewa, viwekwe katika kichupa kidogo chenye gliserini, na kichupa hicho kichomwe kwenye pini ya nzi yuleyule, chini yake kikiwepo kile kikaratasi, kimeandikwa kwa wino usioyeyuka.